John von Neumann: mwanahisabati aliyezipa kompyuta kumbukumbu

Ukibonyeza kitufe cha pembeni cha simu yako, kioo kinakuwa cheusi. Wengi husema simu imezimwa, lakini haijazimwa. Imelala. Ukibonyeza tena, ujumbe uliouacha nusu bado upo pale pale. Chaji ikiisha kabisa, mambo hubadilika. Unaipeleka simu dukani kuchajiwa, unaiwasha, na mara nyingine kile ulichokuwa unaandika hukikuti tena.

Kwa nini simu iliyolala inakumbuka, na simu iliyoisha chaji inasahau? Ili kupata jibu, leo tunasimulia maisha ya John von Neumann, mwanahisabati aliyezaliwa Hungaria na kufariki Marekani mwaka 1957. Hakuwahi kuona simu ya mkononi. Hata hivyo, simu yako imepangwa ndani kwa namna ambayo yeye aliieleza kwa maandishi mwaka 1945.

Mtoto wa Budapest

Alizaliwa tarehe 28 Desemba 1903 katika jiji la Budapest, mtoto wa kwanza kati ya wavulana watatu. Familia yao ilikuwa ya Kiyahudi, na baba yake alikuwa mtu wa benki mwenye uwezo. Kwao aliitwa János. Jina la John alilipata baadaye, alipohamia Marekani.

Tangu utotoni watu walishangazwa na kichwa chake. Inasimuliwa kwamba akiwa na miaka 6 aliweza kugawanya namba ndefu kichwani bila karatasi. Kitabu alichokisoma mara moja aliweza kukikariri hata miaka mingi baadaye. Jambo hilo la kukumbuka liwekeni akilini, maana tutalirudia.

Baba yake hakupenda asome hisabati tu, kwa kuona kwamba haina fedha. Wakakubaliana asome mambo mawili kwa pamoja. Mwaka 1926 alipata stashahada ya uhandisi wa kemia Zurich, Uswisi, na mwaka huo huo akapata shahada ya udaktari wa hisabati Budapest. Akafundisha vyuo vikuu vya Berlin na Hamburg, kisha mwaka 1930 akaitwa Princeton, Marekani. Mwaka 1933 Hitler aliingia madarakani Ujerumani, na walimu wa Kiyahudi wakaanza kufukuzwa vyuoni. Von Neumann alibaki Marekani, na mwaka 1937 akawa raia wa huko.

Vita na bomu

Maisha yake yana upande ambao hauwezi kufichwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi na jeshi la Marekani, na kuanzia mwaka 1943 alishiriki kutengeneza bomu la atomiki huko Los Alamos. Alifanya hesabu za namna ya kulipua baruti kuzunguka kiini cha bomu ili kikandamizwe kutoka pande zote kwa wakati mmoja. Bomu la aina hiyo ndilo lililoangushwa Nagasaki, Japani, tarehe 9 Agosti 1945. Pia alikuwa katika kamati iliyojadili miji ya kulengwa.

Hesabu hizo zilikuwa nyingi kupita nguvu za watu wenye kalamu na mashine za mkono. Ndipo akaanza kutafuta mashine ya kuhesabu kwa kasi. Mwaka 1944, akisubiri treni katika kituo cha Aberdeen, alikutana na mwanajeshi mwanahisabati, Herman Goldstine. Goldstine akamweleza kwamba Philadelphia kuna mashine ya aina hiyo inajengwa. Iliitwa ENIAC.

Mashine isiyopenda kuzimwa

ENIAC ilijaza ukumbi mzima. Ilikuwa na taa za elektroniki za kioo zipatazo 18,000, na ilikula umeme wa takriban kilowati 150, sawa na pasi za umeme 150 zikiwashwa kwa pamoja. Taa hizo ziliungua zaidi wakati wa kuwashwa na kuzimwa, zinapopata moto na kupoa. Kwa hiyo mafundi waliona heri waiache inawaka usiku na mchana. Mashine hiyo haikuwa na usingizi. Ilikuwa macho au imezimwa.

Kulikuwa na shida nyingine. Ukitaka ifanye kazi tofauti, ilibidi kuchomoa nyaya na kuzichomeka upya, kazi iliyoweza kuchukua siku kadhaa. Mashine haikukumbuka maelekezo yake. Maelekezo yalikuwa kwenye nyaya.

Mwezi Juni 1945 iliandikwa ripoti ya mashine itakayofuata, EDVAC. Ilisema maelekezo yawekwe ndani ya kumbukumbu ya mashine, pamoja na namba zenyewe. Ukitaka kazi nyingine, unabadilisha kilichomo kwenye kumbukumbu bila kugusa nyaya. Ndivyo simu yako inavyofanya unapoweka programu mpya.

Ripoti ilibeba jina la von Neumann peke yake. Wajenzi wa ENIAC, J. Presper Eckert na John Mauchly, walilalamika, kwa sababu mawazo mengi yalitokana na mazungumzo yao wote. Mpaka leo mpango huo huitwa kwa jina la von Neumann, lakini haki inatutaka tuwataje na wengine.

Kumbukumbu inayofifia

Baada ya vita von Neumann aliongoza ujenzi wa kompyuta Princeton, na fundi mkuu wake alikuwa Julian Bigelow. Ilizinduliwa mwaka 1952. Kumbukumbu yake ilikuwa mabomba 40 ya kioo, yanayofanana na kioo cha televisheni ya zamani, na kila bomba lilitunza alama 1,024 kama vidoa vidogo vya umeme. Kumbukumbu yote ilikuwa sawa na kilobaiti 5. Simu yenye RAM ya gigabaiti 2 inaizidi takriban mara laki 4.

Vidoa hivyo vya umeme vilififia chini ya sekunde moja. Ili visipotee, mashine ilivisoma na kuviandika upya, tena na tena, bila kupumzika. Umeme ukikatika, kila kitu kimekwenda.

Von Neumann na wenzake walilijua tatizo hili mapema. Mwaka 1946, yeye, Goldstine na Arthur Burks waliandika kwamba kumbukumbu moja haitoshi. Inafaa kuwa na ndogo yenye kasi, na nyingine kubwa ya polepole nyuma yake. Mgawanyo huo umeandikwa hata kwenye boksi la simu unayonunua. Kuna RAM, ambayo ni ndogo na ina kasi, lakini inasahau umeme ukikatika. Kuna na memori ya kutunzia picha na nyimbo, ambayo ni kubwa na haisahau hata simu ikikaa mwezi mzima bila chaji.

Mke wake wa pili, Klára Dán, aliyemwoa mwaka 1938, alijifunza kuandika programu, na mwaka 1948 aliandika programu zilizoendeshwa kwenye ENIAC. Alikuwa miongoni mwa waandishi wa programu wa mwanzo kabisa duniani.

Simu yako inavyolala

Sasa turudi kwenye kile kitufe cha pembeni. Ndani ya mfumo wa simu kuna sehemu ya katikati inayoamrisha vifaa vyote. Wataalamu huiita keneli, yaani kiini. Simu za Android hutumia kiini cha Linux, kilichoanza kuandikwa mwaka 1991.

Kioo kikizimika na kazi zikiisha, kiini husimamisha programu zote pale zilipofika. Kisha huviambia vifaa vipumzike kimoja kimoja: kioo, kamera, spika. Mwisho husimamisha na prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kuhesabu. RAM pekee huachiwa umeme kidogo ili iendelee kujiandika upya, kama mabomba ya Princeton. Ni kama mama anavyofukia makaa kwenye majivu usiku. Hakuna mwali, lakini moto haujafa, na asubuhi hahitaji kiberiti.

Sehemu ya mtandao nayo hubaki inasikiliza mnara. Ukipigiwa, ndiyo inayoamsha kiini, na kiini kinaamsha vingine. Saa ya kengele hufanya hivyo hivyo.

Kompyuta mpakato, kama zile za shuleni na ofisi za kata, zina njia ya pili inayoitwa haibaneti. Hapo kiini huchukua kila kilichomo kwenye RAM, hukiandika kwenye diski, kisha huzima umeme kabisa. Ukiiwasha, hukisoma na kukirudisha kilipokuwa. Ni kama mavuno yaliyoingizwa kwenye kihenge. Hata moto jikoni ukizimika, chakula kipo. Njia hii huchelewa kidogo kuamka, na inahitaji nafasi ya kutosha kwenye diski, lakini haili betri. Simu nyingi hazina njia hii. Zinalala tu, zikitegemea ule umeme kidogo.

Kwa hiyo kuna mambo machache ya kupanga. Kwenye mipangilio ya simu, weka muda mfupi wa kioo kujizima, kama sekunde 30. Fungua sehemu ya betri uone programu zinazokula chaji, kwa sababu programu moja yenye fujo inaweza kuizuia simu isilale usiku kucha. Mahali pasipo na mtandao simu huhangaika kutafuta mnara na kumaliza chaji. Iweke kwenye hali ya ndege mpaka utakapofika penye mtandao.

Kama unatusikiliza kwa intaneti na redio inakatika kioo kikizimika, mara nyingi ni mfumo umeilaza ile programu. Kwenye mipangilio ya betri, iruhusu programu hiyo ifanye kazi bila kizuizi, ukijua kwamba itakula chaji zaidi.

Kwenye kompyuta mpakato, fungua mipangilio ya umeme. Panga ilale baada ya dakika chache, na betri ikikaribia kuisha iingie haibaneti. Yule mwalimu anayechapa mitihani hatapoteza kazi yake umeme ukikatika naye yuko nje.

Mwisho wake

Mwaka 1955 von Neumann aliteuliwa kuwa mmoja wa makamishna wa Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani. Mwaka huo huo madaktari wakagundua ana saratani, nayo ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Mwanzoni mwa 1956 alikwenda Ikulu kupokea nishani kutoka kwa Rais Eisenhower akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Miezi michache baadaye akalazwa hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington, na hakutoka tena.

Alikuwa na siri nyingi za kijeshi kichwani, hivyo jeshi lilimwekea ulinzi, kwa hofu kwamba maumivu na dawa vingemfanya azitoe. Lakini kilichomtesa zaidi kilikuwa akili yake kupungua. Binti yake Marina alisimulia baadaye kwamba baba yake alimwomba ampe hesabu za kujumlisha, namba ndogo kama za mtoto wa darasa la kwanza, ili ajipime kama bado anaweza. Mtu aliyekuwa akigawanya namba ndefu kichwani akiwa na miaka 6 sasa alikuwa akihangaika na hizo. Marina alishindwa kuvumilia kukaa chumbani.

Alikuwa amealikwa kutoa mihadhara Chuo Kikuu cha Yale kuhusu kompyuta na ubongo wa binadamu. Aliendelea kuandika akiwa mgonjwa, lakini nguvu zikaisha kabla hajamaliza. Alifariki tarehe 8 Februari 1957, akiwa na miaka 53, na akazikwa Princeton. Kurasa alizowahi kuandika zilichapishwa kama kitabu mwaka 1958, na Klára akaandika utangulizi. Sehemu aliyokuwa bado nayo kichwani haikupatikana tena.

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, miaka 8 baada ya kifo chake. Leo mashine zenye mpango wake ziko kwenye mifuko ya watu wa Nyarero, Nyamongo na Mugumu, zikilala na kuamka mara nyingi kwa siku.

Basi usiamini usingizi wa simu kwa jambo kubwa. Namba ya mganga, deni la mtu, tarehe ya mama kurudi kliniki: bonyeza pa kuhifadhi, na iandike na kwenye daftari, kabla chaji haijaisha. Kama una swali kuhusu simu yako, tutumie ujumbe, nasi tutalijibu hewani.