Abu Bakr Al-Razi: Tabibu Aliyechunguza Tofauti za Miili

Ndugu Waislamu, juma hili tunamwangalia Abu Bakr Muhammad ibn Zakariya Al-Razi, aliyezaliwa mwaka 251 Hijria (865 Miladia) mjini Rayy, karibu na Tehran ya leo. Aliongoza hospitali ya mji wake na ya Baghdad. Baadhi ya maulamaa walimpinga vikali katika falsafa, na hilo hatulifichi. Hapa tunazungumzia utabibu wake.

Zama zile ndui iliingia karibu kila nyumba. Watoto wa tumbo moja waliugua pamoja. Mmoja akafa, mwingine akapofuka, wa tatu akainuka na makovu machache tu. Kwa nini? Kuamini kadari ni nguzo ya imani yetu, wala hakumzuii tabibu kutafuta sababu.

Al-Razi aliandika kitabu mahususi juu ya ndui na surua, akayatenganisha maradhi hayo mawili kwa dalili zake: maumivu ya mgongo akayahusisha zaidi na ndui, kichefuchefu na wasiwasi zaidi na surua. Katika kitabu hicho aliweka mlango mzima juu ya miili iliyo tayari kushikwa. Alisema miili minene, myeupe na yenye unyevu huelekea ndui, na ile mikavu, myembamba na yenye joto huelekea surua. Aidha alijaribu kueleza kwa nini aliyeugua ndui kwa kawaida haugui tena, akiilinganisha damu ya mtoto na maji ya zabibu yanayochacha mara moja yakatulia.

Maelezo hayo yalikuwa na makosa, kwani hakujua virusi wala kingamwili. Lakini swali lilikuwa sahihi, na wataalamu wangali wanalo mikononi. Chanjo ya homa ya ini aina ya B huwakinga watu wazima wengi, ila takriban 5 hadi 10 kati ya kila 100 miili yao haiitikii ipasavyo. Wagonjwa wa hemofilia hupewa protini ya kugandisha damu, na miili ya baadhi yao huipiga vita dawa hiyo kana kwamba ni adui. Siku hizi hupimwa chembe za urithi ili kukisia mapema nani yumo hatarini. Mzazi asidhani, basi, kwamba mwanawe amekosewa kwa kuwa wa jirani ameitikia vyema.

Al-Razi aliandika pia risala juu ya Abu Zayd Al-Balkhi, mwanachuoni aliyeshikwa na mafua kila majira ya kuchipua aliponusa mawaridi, ambayo wenziwe waliyafurahia.

Mwishoni mwa umri wake alipofuka. Alifariki mjini Rayy mwaka 313 Hijria (925 Miladia). Ndui yenyewe ilimpata mgonjwa wake wa mwisho wa maambukizi ya kawaida mjini Merca, Somalia, mwaka 1977.