Burt Munro: Mzee Aliyekataa Kuuacha Mbachao

Vijana wawili wapenda mbio wakikutana kwenye gereji hawakosi kubishana. Mmoja atashikilia kuwa ukitaka kasi, toa pesa ununue chombo chenye kasi. Mwenzake atasema la hasha, chukua hicho ulicho nacho, ukifungue, ukitie nguvu. Ubishi huu si wa leo, wala si wa kwetu peke yetu. Huko Marekani katika miaka ya 1960, magari kama Pontiac GTO yalipotokea na injini zake kubwa kubwa, vijana waliumiza vichwa vivyo hivyo: je, niongeze nguvu hapa ama niuze nichukue lenye mbio kuliko hili?

Mimi naona kabla hatujawaamua vijana hawa, tumtazame mzee mmoja wa Nyuzilandi aliyelijibu swali hilo kwa mikono yake mwenyewe. Chombo chake hakikuwa gari bali pikipiki, lakini hoja ni ile ile. Mzee huyo ni Burt Munro.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Herbert James Munro. Alizaliwa tarehe 25 Machi 1899 katika mji wa Invercargill, kusini kabisa mwa Nyuzilandi. Alizaliwa pacha, lakini dada yake hakuishi. Burt akabaki peke yake, akalelewa katika shamba la wazazi wake huko Edendale. Tangu utotoni damu yake ilichemka kwa mbio. Kabla hajapata pikipiki alikuwa akichukua farasi mwenye kasi kuwapita wote pale shambani na kumtimua mbio, na baba yake hakupendezwa na jambo hilo hata kidogo. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 21, alinunua pikipiki mpya aina ya Indian Scout. Msije mkadhani ilitoka Bara Hindi! Ilitengenezwa Springfield, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, na jina hilo lilitokana na wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Injini yake ilikuwa ya silinda mbili zenye ujazo wa cc 600 hivi. Ilipotoka kiwandani mwendo wake wa mwisho ulikuwa kama kilomita 89 kwa saa. Kwa siku zile hiyo ilikuwa kasi ya kuringia barabarani.

Lakini miaka haimngoji mtu. Pikipiki mpya zilizidi kutoka, na kila mwaka zikawa na nguvu zaidi. Mwaka 1926 Burt akafikia njia panda. Angeweza kuiuza Scout yake na kutafuta nyingine. Badala yake alichukua spana akaifungua. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao, naye, ingawa hakuwahi kuusikia usemi huo, aliufuata mpaka kufa kwake.

Kinachoshangaza ni kwamba kazi yake ya mshahara ilikuwa kuuza na kutengeneza pikipiki. Yaani mchana kutwa pikipiki mpya mpya zilikuwa zikipita mikononi mwake! Alijua bei zake, alijua mwendo wake, na wateja wake waliondoka nazo wakicheka. Jioni yeye alirudi kwenye kuukuu lake. Mara nyingi alifanya kazi usiku kucha, na kukipambazuka akaenda kazini bila kupata lepe la usingizi.

Pesa za kununua vipuri hakuwa nazo, na hata angekuwa nazo, vipuri alivyovitaka havikuuzwa dukani. Basi akawa fundi wa kujitengenezea kila kitu, kama mafundi wetu wa jua kali. Pistoni alizimimina mwenyewe: aliyeyusha chuma chakavu akakimwaga ndani ya mikebe mitupu iliyotumika kama kalibu. Silinda alizichonga kutoka kwa mabomba ya chuma ya kupitishia gesi. Zile fito zinazounganisha pistoni na kranki alizitoa katika ekseli ya trekta, akakata na kupiga tupa hadi zikapata umbo. Vali zilizokuwa ubavuni mwa silinda, mwishowe alizihamishia juu, ili hewa na petroli viingie kwa urahisi na moshi utoke bila kuzuiwa. Injini ni kama mwanariadha. Isipopumua vizuri haikimbii.

Hapa ndipo panapowashinda wengi wanaotaka kuongeza nguvu chombo cha zamani. Wao hudhani ni kubadilisha kitu kimoja tu kisha mambo yatanyooka. Sivyo. Ukiongeza nguvu katika pistoni, ile fito inayoisukuma kranki inaelemewa. Ukiimarisha fito, kranki inalalamika. Ukiimarisha kranki, mafuta ya kulainisha hayatoshi na joto linazidi. Kila ukiziba ufa mmoja, mwingine unafunguka. Injini ya Munro ilipasuka mara nyingi, na kazi ya miezi mingi ikageuka vyuma chakavu kwa dakika moja. Vipande vile hakuvitupa. Alivipanga rafuni katika gereji yake kama sadaka aliyomtolea mungu wa mbio, na rafu ikajaa. Kisha aliwasha moto akaanza upya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Lakini ndugu msomaji, tusimpambe mtu kwa sifa tupu. Mambo haya yalikuwa na gharama ambayo haikuandikwa katika risiti. Munro alimwoa Beryl mwaka 1927, wakajaliwa watoto wanne. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1947. Baadaye aliacha kazi ya mshahara, akawa anaishi ndani ya gereji, yeye na pikipiki zake. Mtu anayeutoa usiku wake wote kwa chuma, usiku huo anautoa kwa nani mwingine aliyeungoja? Swali hili tusilikwepe eti kwa sababu jamaa alikuja kuwa mashuhuri.

Tena wakati huo huo msala ulikuwa ukipita, na ulikuwa mzuri kweli kweli. Mwaka 1948 Waingereza walitoa pikipiki aina ya Vincent Black Shadow yenye cc 998. Hii ungeinunua dukani na kwenda nayo kilomita 200 kwa saa bila kuigusa kwa spana. Mwaka huo huo Mmarekani Rollie Free alipanda Vincent iliyoandaliwa kwa mbio, akalala kifudifudi juu yake na kaptula ya kuogelea tu ili upepo usimkamate, akafikisha karibu kilomita 242 kwa saa. Mwenye pesa alikuwa amekwisha pata jibu lake. Ama ndivyo ilivyoonekana.

Mahali alipofanyia hayo Rollie Free ni Bonneville, katika jimbo la Utah. Ni uwanda wa chumvi, mweupe pe! na tambarare kama meza, hauna mti wala jiwe. Wapenda mbio huenda huko kila mwaka kujipima. Hapo ndipo Munro alipotia nia ya kufika. Hebu fikiri, mtu wa makamo asiye na mdhamini, anavuka Bahari ya Pasifiki na pikipiki ya mwaka 1920 kwenda kushindana na Wamarekani nyumbani kwao! Lakini alikwenda, na si mara moja.

Kabla sijafika kwenye matokeo, naomba wanafizikia wenzangu wanisikilize kidogo. Upinzani wa hewa hauongezeki polepole. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu inayohitajika kuipasua hewa huongezeka mara nane. Kwa hiyo kuitoa pikipiki ya kilomita 89 mpaka karibu kilomita 296 kwa saa, ambayo ni kama mara 3.3, kungehitaji nguvu karibu mara 37 endapo umbo lake lisingebadilika. Hakuna tupa ya kuleta nguvu kiasi hicho kutoka kwa injini ile. Munro alilifahamu hilo. Ndiyo maana hakuhangaika na injini peke yake, bali aliiundia pikipiki ganda la kuteleza hewani, lenye umbo la samaki, naye akalala ndani yake. Ujazo wa injini nao akauongeza kutoka cc 600 za kwanza hadi cc 850.

Mwaka 1962 dunia ikamjua. Akiwa na umri wa miaka 63, aliweka rekodi ya Bonneville katika kundi la pikipiki za hadi cc 883 kwa mwendo wa kilomita 288 kwa saa. Wengine hapo wangeshukuru Mungu na kwenda kupumzika. Wapi! Mzee alirudi nyumbani akaifungua tena. Mwaka 1966 aliweka rekodi nyingine, ya kilomita 270 kwa saa, katika kundi la hadi cc 1000. Mwaka uliofuata, 1967, injini ikiwa imefikishwa cc 950, akaivunja rekodi yake mwenyewe kwa kilomita 295.453 kwa saa. Mpanda pikipiki alikuwa na miaka 68, na pikipiki yenyewe miaka 47. Katika mwendo mmoja wa kufuzu alifikisha karibu kilomita 306 kwa saa, ingawa rekodi rasmi haitolewi kwa mwendo mmoja. Sharti uende na kurudi, kisha wastani upigwe, ili upepo wa mgongoni usimpe mtu ushindi wa bure.

Na hapo kwenye wastani kuna kisa. Mwaka 2014, miaka 36 baada ya mzee kufariki, mwanawe aligundua kwamba hesabu ya mwaka 1967 ilikosewa. Shirika la pikipiki la Marekani likaipitia upya, likakubali kosa, na rekodi ikapandishwa hadi kilomita 296.26 kwa saa. Kwa hiyo wale wanaosinzia katika kipindi cha hesabu wajue kuwa wastani ukikosewa, mtu anaweza kudhulumiwa kwa miaka 47!

Munro aliendelea kupigapiga chuma hata afya ilipoanza kumtupa mkono. Aliaga dunia tarehe 6 Januari 1978 mjini Invercargill, akiwa na umri wa miaka 78. Mwaka 2005 ilitoka filamu kuhusu maisha yake iliyoongozwa na Roger Donaldson, na Anthony Hopkins akaigiza kama Munro. Filamu hiyo ilizikusanya safari zake nyingi kana kwamba ni safari moja, lakini ndiyo iliyolipeleka jina lake kwa watu wasiojua pistoni ni nini. Mwaka 2006 mji wake ulianzisha mashindano ya pikipiki yanayoitwa kwa jina lake, na Marekani nayo ikamwingiza katika orodha ya mashujaa wake wa pikipiki.

Sasa turudi kwa wale vijana wetu wa gereji. Je, nani mshindi? Ukipima kwa pesa na muda tu, aliyenunua Vincent mwaka 1948 alipata kilomita zake 200 siku hiyo hiyo, akala chakula cha jioni na watu wa nyumbani, akalala. Kwa mtu anayetaka chombo cha kumfikisha kazini kesho asubuhi, huyo ndiye mwenye akili. Anayefungua injini asiyoielewa, kwa tamaa ya kumpita jirani, mwishowe atakosa hicho cha zamani na kipya pia.

Lakini kuna jambo ambalo dukani haliuzwi. Aliyenunua alipata mwendo, wala hakupata ujuzi. Pikipiki yake ilipopitwa na nyingine, ilimbidi atafute pesa tena. Munro kila alipovunja kitu alijua sababu, na kila alipojua sababu mwendo uliongezeka. Ile Vincent ya dukani ilibaki pale pale ilipowekwa na kiwanda. Kuukuu la Munro liliipita, kisha likaipita hata ile ya Rollie Free. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kwa maoni yangu basi, anayetaka kasi anunue. Anayetaka kujua kasi inatoka wapi, hana budi kuchukua tupa. Ila achague akijua bei ya vyote viwili, na asisahau kwamba nyumbani nako kuna watu wanaohesabu saa. Mzee Munro alichagua, akalipa bila kunung'unika, na hadi leo jina lake bado liko mbioni. Mola amlaze pema.