Jenerali Aliyetangulia Kuruka

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mnaoendelea na masomo, safari hii nawasimulia maisha ya James Gavin wa Marekani. Sisifu vita. Nawaletea habari za mtu aliyekubali madaraka pamoja na uzito wake.

Alizaliwa New York mwaka 1907, akalelewa na mchimba makaa ya mawe huko Pennsylvania. Masomo yake yalikomea darasa la nane. Mwaka 1924, akiwa na miaka 17, aliingia jeshini. Huko alijisomea kwa bidii hata akapata nafasi katika chuo cha kijeshi cha West Point, akahitimu mwaka 1929.

Mwezi Agosti 1942 Divisheni ya 82 ilifanywa kuwa ya askari wa miavuli. Kazi yao ilikuwa kushuka nyuma ya adui na kushika madaraja na njia mpaka majeshi mengine yafike. Julai 1943 Gavin, akiwa kanali, aliruka na askari wake kisiwani Sicily. Upepo uliwatawanya mbali. Alikusanya aliowapata, wakavikabili vifaru vya Wajerumani kwenye kilima cha Biazza. Usiku wa tarehe 11 mizinga ya upande wao wenyewe ilitungua ndege 23 zilizoleta wenzao wa divisheni hiyo hiyo.

Akaruka tena Salerno, kisha Normandy mwezi Juni 1944. Agosti akapewa divisheni nzima, umri wake miaka 37. Ukubwa haukumweka ofisini: Septemba aliruka Uholanzi, akaumia mgongo, akaendelea kuongoza. Tarehe 20 askari wake walivuka mto Waal mchana kweupe kwa mashua za turubai, wengine wakipiga makasia kwa vitako vya bunduki. Wengi walikufa. Daraja la Nijmegen lilitekwa, lakini Waingereza waliozingirwa mbele, Arnhem, hawakufikiwa kwa wakati.

Mimi humheshimu zaidi kwa jambo la baada ya vita. Jeshi la Marekani lilikuwa bado linawatenga weusi. Januari 1946, katika gwaride la ushindi mjini New York, Gavin aliwaweka askari weusi wa miavuli wa Batalioni ya 555 pamoja na divisheni yake. Baadaye akawaingiza humo kabisa, kabla ya amri ya Rais Truman ya mwaka 1948.

Alifariki mwaka 1990. Viranja wetu, mkipewa cheo, tangulieni penye kazi ngumu. Na siku ya kupongezwa, msimwache nje aliyefanya kazi nanyi.