Diwani wa Birmingham na Nyanda za Uasin Gishu

Nisikiapo wawakilishi wa wadi wakivutana juu ya hoja ya maji, mawazo yangu humwendea Joseph Chamberlain, mwenye kiwanda cha skurubu aliyeingia katika baraza la mji wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1869. Akiwa meya, tangu 1873 hadi 1876, aliwashawishi madiwani wenzake kuyanunua makampuni ya gesi na ya maji. Gesi ililitilia baraza faida. Maji, alishikilia, hayakufaa kufanyiwa biashara, kwani fukara walikuwa wakiteka visima vichafu na kuugua. Hapo nampa heko.

Lakini ndiye yule yule aliyekuwa Waziri wa Makoloni tangu 1895. Mwishoni mwa 1902 aliipitia nchi yetu kwa garimoshi, na mwaka uliofuata serikali yake ikajitolea kuwapa Wayahudi makao Uasin Gishu. Mkutano wa Wazayuni uliikataa ardhi hiyo mwaka 1905. Kule Birmingham hata bomba lilipigiwa kura. Wanandi nao walikuwa na mabaraza yao ya kokwet, wala hakuna aliyeyauliza.