Daktari wa Makapi

Nilikuwa mtoto mdogo kiwanda cha zamani cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988. Ninachokikumbuka zaidi ni makapi. Muwa uliingia mzima, sukari ikatoka katika magunia, na makapi yakaishia tanuruni. Marehemu mjomba wangu alifanya kazi humo. Alipopatwa na kisukari aliacha kutia sukari katika chai, akajiona yu salama, huku akila mkate mweupe asubuhi na wali mweupe mchana na jioni. Kila nimkumbukapo, humkumbuka pia daktari aliyeyapa makapi heshima.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipoteza jicho moja utotoni, lakini hilo halikumzuia kuwa daktari wa upasuaji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi hapa Kenya na Somalia, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, Uganda, kisha Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwonyesha mtoto aliyevimba taya. Kutokana na mgonjwa huyo Burkitt alianza kuchunguza saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, takriban kilomita 16,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi ugonjwa huo unapatikana.

Sifa hiyo ingemtosha mtu mwingine. Burkitt, aliporejea Uingereza, alikutana na Peter Cleave, daktari wa jeshi la majini aliyelaumu sukari na unga mweupe kwa maradhi mengi ya Wazungu. Burkitt akakumbuka kwamba magonjwa kadhaa aliyoyaona kila siku London yalikuwa nadra mno Mulago. Akaziandikia hospitali za vijijini barani Afrika, akalinganisha majibu. Hapo ndipo yeye na Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 na kutibu Afrika Mashariki takriban miaka 30, walipoligeuza swali. Pamoja na kuuliza chakula kimeongezwa nini, waliuliza kimeondolewa nini. Jibu lao lilikuwa ufumwele, yaani zile nyuzinyuzi za mimea ambazo tumbo haliwezi kuzimeng'enya. Mwaka 1975 walihariri kitabu pamoja, na mwaka huohuo Trowell akatoa nadharia kwamba wanga ulionyang'anywa ufumwele huchangia kisukari.

Si kila dai lao lililothibitika. Hata hivyo, utafiti wa baadaye umeeleza mengi ambayo wao hawakuyajua. Ufumwele wa kunde na maharage hufanya ute tumboni, ukachelewesha chakula kushuka, na sukari ikaingia katika damu polepole. Unaobaki hufika katika utumbo mpana, ambako bakteria huuchachusha na kutoa asidi ziamshazo homoni za shibe. Ndiyo maana mla mbaazi hukaa kutwa bila njaa, na mla mkate mweupe huitafuta sahani tena kabla ya adhuhuri. Ama bakteria hai walio katika maziwa mala, hao nao wamechunguzwa, lakini manufaa yao kwa sukari ya damu yameonekana kuwa madogo na yenye kutofautiana. Kumleta mgeni nyumbani bila kumwandalia chakula si ukarimu.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Mimi ni mtu wa lugha, si tabibu, na lawama yangu naielekeza kwenye jina. Tumeuita ugonjwa huu kisukari, na jina hilo lilimpotosha mjomba: alidhani adui yumo katika kopo la sukari tu, asijue kwamba wanga mweupe nao hugeuka sukari ukishaliwa.

Walimu wenzangu, wafundisheni wanafunzi maana ya neno hili pamoja na mipaka yake. Nanyi wanafunzi, mnapokwenda kusaga mahindi, ombeni yasikobolewe. Wishwa tunaowaachia kuku ndio mjomba wangu aliokuwa akiuhitaji.