Ray Hunt: Fundi aliyeumiza kichwa kusaka boti kiraka

WATU wa soka wanamjua mchezaji kiraka. Leo kocha anampanga beki wa kulia, kesho kiungo mkabaji, keshokutwa anaziba pengo la winga, na hanuni. Kila kocha anamtaka kikosini. Lakini kila kocha anajua pia kwamba kiraka huyo ni nadra kumzidi yule aliyezaliwa kwa ajili ya namba moja tu.

Kwenye boti mambo ni yaleyale. Mtu anataka boti moja. Wikiendi hii atoke nayo baharini, aambae na pwani yeye na familia yake. Wikiendi ijayo aifunge nyuma ya gari, aipeleke ziwani kuvuta watu wanaoteleza juu ya maji kwa skii. Pesa ya kununua mbili hana. Sasa achukue ipi?

Swali hilo limewatoa jasho wanunuzi wengi, na sehemu kubwa ya majibu yaliyopo sokoni leo ilitoka kwenye kichwa cha jamaa mmoja wa Marekani, Charles Raymond Hunt, maarufu kama Ray Hunt.

ALIANZA NA MATANGA

Hunt alizaliwa mwaka 1908 huko Duxbury, mji wa pwani katika jimbo la Massachusetts. Ghuba ya Duxbury ina maji machache, na maji yakipwa sehemu kubwa inabaki mchanga na matope. Hapo ndipo alipojifunza kuendesha boti za matanga akiwa bado mdogo, na akiwa kijana alibeba mara 2 Kombe la Sears, ubingwa wa vijana wa mchezo huo Marekani.

Hakusomea usanifu wa meli chuoni. Shule yake ilikuwa maji yenyewe. Alichora, akajenga, akaingia majini kuona boti inafanyaje, kisha akarudi mezani kurekebisha. Na kwa sababu alikuwa nahodha hodari wa mbio, hakuhitaji kuhadithiwa chombo kina shida gani. Alikisikia kwa mikono yake.

Mwaka 1938 kimbunga kikali kilipiga pwani ya kaskazini mashariki mwa Marekani na kuharibu vyombo vingi. Mmoja wa wenye boti waliopata hasara akaagiza nyingine, na Hunt na wenzake wakaichora Concordia, boti ya matanga ya kusafiria na kushindania kwa pamoja. Zilijengwa 103, nyingi zikiundwa Ujerumani. Moja kati ya hizo, Malay, ilishinda mbio za Newport hadi Bermuda mwaka 1954.

Mwaka 1939 akaja na kitu tofauti kabisa, boti ndogo ya mbio iitwayo 110, ya mbao za plaiwudi, tumbo bapa, bei nafuu. Ukiitazama utadhani sanduku lililochongwa ncha mbili, ila kwa mbio si mchezo. Tangu hapo ilijulikana kwamba Hunt haogopi umbo lolote, mradi lifanye kazi.

ZIWA NA BAHARI HAVIPATANI

Ili kuielewa kazi yake kubwa, kwanza uelewe ugomvi wa maji hayo mawili.

Mchezo wa skii za majini ulizaliwa ziwani. Mwaka 1922, kwenye Ziwa Pepin huko Minnesota, kijana Ralph Samuelson alifaulu kusimama juu ya mbao 2 huku akivutwa na boti iliyoendeshwa na kaka yake. Tangu siku hizo mahitaji hayajabadilika sana. Boti iwe na nguvu ya kumnyanyua mtu majini haraka, na ikishakimbia iache nyuma yake tuta dogo la maji, laini, ambalo mtelezaji atalivuka bila kurushwa. Kwa kazi hiyo tumbo bapa ndilo mfalme. Linapanda juu ya maji upesi, halili mafuta mengi, na halichimbi mtaro nyuma.

Sasa ichukue boti hiyohiyo uitoe baharini siku ya upepo. Kila wimbi ni kofi. Boti inaruka, inaanguka kwa tumbo, migongo ya abiria inaumia, na nahodha hana ujanja ila kupunguza mwendo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Bahari inataka tumbo lenye umbo la V linalopasua wimbi badala ya kulipiga. Boti nyingi za mwendo kasi za zamani zilikuwa na V hiyo mbele tu, kwenye omo. Kadiri unavyorudi nyuma kuelekea tezi, tumbo lilikuwa bapa. Zikikimbia huku omo ikiwa imenyanyuka, sehemu inayokutana na maji ni ileile bapa, na kofi liko palepale.

MWAKA WA MAAJABU

Hunt aliamua kuipeleka V mpaka nyuma kabisa, kwa mwinuko wa takriban nyuzi 24 kila upande. Halafu akabandika tumboni vijiti virefu vya kuongoza maji, ambavyo vinaisaidia boti kunyanyuka na kuutupa pembeni mchirizi unaopanda ubavuni.

Mwaka 1958 ulikuwa wake. Huko Newport kulikuwa na mchujo wa kutafuta boti ya kuitetea Marekani kwenye Kombe la Amerika, na Hunt alikuwa na Easterner, chombo alichokichora mwenyewe. Easterner haikuchaguliwa. Iliyopita ni Columbia, ambayo ilikwenda kuifunga Sceptre ya Uingereza.

Lakini jicho la Richard Bertram, mfanyabiashara wa boti kutoka Miami, lilikuwa kwingine. Aliiona boti ndogo ya injini, futi 23, iliyokuwa ikiihudumia Easterner. Ilikuwa inakimbia kwenye mawimbi ambayo boti nyingine zilikuwa zinayatambaa. Bertram akaagiza yake ya futi 30, akaiita Moppie.

Aprili 1960 Moppie iliingia kwenye mbio za Miami hadi Nassau, Bahamas. Siku hiyo bahari ilichafuka vibaya. Ikiwa na Sam Griffith kwenye usukani, Moppie ilifika Nassau kwa saa 8 hivi. Ya pili ilifika zaidi ya saa 2 baadaye, na hiyo nayo ilikuwa kazi ya Hunt, ya futi 23 tu. Ya tatu ilionekana kesho yake. Kwa lugha ya mpira, hiyo si kufungwa, hiyo ni kufundishwa.

Mwaka huohuo wa 1958, Hunt alikuwa na kazi yake nyingine sokoni. Kwa kushirikiana na Richard Fisher, walitoa Boston Whaler ya futi 13, iliyotokana na wazo la zamani la mbunifu Albert Hickman. Tumbo lake lilikuwa na migongo 3 badala ya mmoja, na katikati ya kuta za faiba kulijazwa povu gumu. Haikuzama. Mwaka 1961 jarida la Life lilimwonyesha Fisher akiwa ameketi ndani ya boti hiyo wakati inakatwa vipande 2 kwa msumeno, na bado inaelea.

Hiyo ndiyo iliyokaribia kuwa kiraka wa kweli. Ilitulia ikisimama, ilikwenda na injini ndogo, ikavua samaki pwani na kuvuta watoto wa skii ziwani. Ila nayo ilikuwa na bei yake. Wimbi fupi likianza, ile ya futi 13 inagonga mpaka meno yanaumana.

NJIA ZIKAACHANA FLORIDA

Mwaka 1961 mambo mawili yalitokea katika jimbo moja la Florida. Bertram alianza kuuza Bertram 31 ya faiba, iliyotokana na umbo la Moppie, na zaidi ya 1,800 zilijengwa. Na kampuni ya Correct Craft ikaitoa Ski Nautique, boti ya kazi moja tu, kuvuta watu wa skii. Moja ilitengenezwa kwa ajili ya wimbi, nyingine ilitengenezwa kulikimbia.

Tangu hapo mnunuzi wa boti moja anasimama katikati. V ya Hunt inataka nguvu nyingi za farasi, inayumba ikisimama, na tuta lake nyuma linaweza kumtesa anayejifunza skii. Tumbo bapa linampa raha ziwani na kumnyima usingizi baharini. Ndiyo maana boti nyingi za familia zinazouzwa kwa kazi zote mbili zina V ya wastani, nyuzi kati ya 15 na 20 kule nyuma. Hazishindi mbio za Nassau wala mashindano ya skii, ila zinarudisha watu nyumbani salama.

Hesabu ya kuchagua ni ya siku. Anayekwenda baharini siku nyingi kwa mwaka achukue V kubwa zaidi, avumilie tuta ziwani. Anayekaa ziwani na kutoka pwani asubuhi za shwari tu, achukue V ndogo, ila awe tayari kugeuza upepo ukianza. Anayejidanganya kuhusu siku zake ndiye anayeumia, maana ziwani kosa hilo ni kero, baharini ni roho za watu.

ALIWAACHIA WENGINE PESA

Hunt hakupata hataza ya V yake, hivyo kila mwenye karakana aliweza kuiiga, na waliiga kweli. Boti za mbio, za uvuvi, za kuongozea meli bandarini, nyingi zilichukua umbo lile. Waliotajirika ni wengine. Yeye aliendelea kuchora na kushindana.

Alifariki dunia mwaka 1978. Ofisi iliyobeba jina lake iliendelea kusanifu boti, na V ya nyuzi 24 bado ndicho kipimo ambacho nyingine zinapimwa nacho. Kiraka asiye na upungufu hakumpata. Alichofanya ni kumwonyesha mnunuzi kila pembe ya tumbo la boti inampa nini, na inamnyang'anya nini.