Jerry Lawson: kijana wa redio aliyeitenganisha gemu na mashine yake

Ukipita mitaa ya Bariadi mjini, Maswa au Lamadi wakati wa jioni, hukosi kukuta kibanda cha gemu. Kuna televisheni, benchi, vijana wawili wameshika pad, wengine wamesimama nyuma wakisubiri zamu. Mara nyingi mashine iliyopo ni PS2 ya kampuni ya Sony, iliyotoka mwaka 2000 na kuacha kutengenezwa mwanzoni mwa 2013. Nyingi hazisomi CD tena. Zinasoma gemu kutoka kwenye flashi, kwa sababu fundi ameziwekea programu ndogo kupitia memori kadi.

Wasikilizaji wametuuliza fundi huyo anafanya nini hasa, na kama kazi hiyo inakubalika. Tumeona njia nzuri ya kujibu ni kusimulia maisha ya Gerald Lawson, maarufu kwa jina la Jerry, Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 2011. Bila kazi yake na ya wenzake, swali hili lisingekuwapo.

Lawson alizaliwa Desemba 1, 1940 mjini New York. Baba yake alikuwa kuli bandarini, mtu aliyependa sana kusoma mambo ya sayansi. Babu yake alisomea fizikia, lakini enzi hizo mtu mweusi hakupata kazi ya namna hiyo kirahisi, akaishia kufanya kazi posta. Mama yake alifuatilia shule ya mtoto wake kwa karibu. Alipokuwa darasa la kwanza, mwalimu wake alibandika karibu na dawati lake picha ya George Washington Carver, mwanasayansi mweusi aliyesifika kwa utafiti wa karanga na kilimo. Lawson alikumbuka picha hiyo maisha yake yote.

Sisi watu wa redio tunavutiwa zaidi na kilichofuata. Akiwa na miaka 13 tu, Lawson alipata leseni ya redio ya ridhaa, ile inayomruhusu mtu binafsi kuwasiliana na wenzake hewani bila biashara. Akajenga kituo chake chumbani. Vipuri alinunua dukani kwa fedha zake, na baadaye alikuwa akipita majumbani kutengeneza televisheni za watu. Alisoma katika vyuo viwili vya New York lakini hakumaliza shahada. Mengi aliyoyajua aliyapata kwa kufungua vifaa na kuvirudisha.

Mwaka 1970 aliajiriwa California na kampuni ya Fairchild, iliyotengeneza chipu za kielektroniki. Kazi yake ilikuwa kuwaelekeza wateja namna ya kuzitumia chipu hizo. Nyumbani, kwenye banda lake la gari, alijiundia mashine ya gemu ya kutumbukiza sarafu, iliyohusu magari ya kugongana. Mabosi wake waliposikia, hawakumfukuza. Walimpa kazi ya kuongoza kitengo kipya cha gemu.

Hapa inabidi tueleze mashine za gemu za nyumbani zilivyokuwa wakati huo. Gemu ilikuwa imejengwa ndani ya mashine yenyewe, kwenye saketi zake. Ukinunua mashine ya mpira wa meza, utacheza mpira wa meza mpaka uchoke. Ukitaka gemu nyingine kabisa, ununue mashine nyingine.

Wahandisi wawili wa kampuni ndogo iitwayo Alpex, Wallace Kirschner na Lawrence Haskel, walikuwa wamebuni njia ya kuiweka gemu kwenye kifaa cha kuchomeka. Fairchild ilinunua haki ya kutumia wazo hilo, na Lawson na timu yake wakaligeuza kuwa bidhaa inayouzika. Ndani ya mashine waliweka prosesa ya Fairchild iitwayo F8. Gemu yenyewe wakaiweka kwenye chipu ndani ya kaseti ya rangi ya njano. Ukichomeka kaseti, mashine inafuata maagizo yaliyomo. Ukichomeka nyingine, inafanya kazi nyingine.

Haikuwa rahisi. Watoto wangechomeka na kuchomoa kaseti mara nyingi sana, na umeme kidogo wa mkononi ungeweza kuua chipu. Pia serikali ya Marekani ilitaka kila mashine ipimwe isiingilie mawimbi ya redio na televisheni za majirani. Msikilizaji aliyewahi kusikia redio yake ikikoroma karibu na chaja anaelewa tatizo hilo. Timu ya Lawson ililazimika kuzungushia bati saketi na mahali pa kuchomeka kaseti ili mawimbi yasitoke.

Mashine hiyo, Channel F, ilitoka Novemba 1976. Haikudumu sokoni. Mwaka uliofuata kampuni ya Atari ilitoa yake, iliyotumia mpango uleule wa kaseti, na hiyo ndiyo iliyoenea duniani.

Katika miaka hiyohiyo Lawson alikuwa mwanachama wa Homebrew Computer Club, klabu iliyoanza Machi 1975 kwenye banda la gari la mmoja wao. Neno la kwanza katika jina hilo asili yake ni pombe inayopikwa nyumbani. Watu wa redio za ridhaa walilitumia pia kwa mitambo waliyojiundia wenyewe. Wanachama wa klabu walileta kompyuta walizotengeneza kwa mikono na kuonyeshana zinavyofanya kazi. Waanzilishi wa kampuni ya Apple, Steve Wozniak na Steve Jobs, walipita hapo. Watu weusi walikuwa wachache mno, na Lawson alikuwa mmoja wao.

Hadi leo, programu ambazo watu huandika wenyewe kwa ajili ya mashine ya gemu, bila kiwanda kuhusika, huitwa kwa neno hilo la pombe ya nyumbani. Lawson hakupanga hivyo, lakini mara gemu ilipotenganishwa na mashine, yeyote anayejua kuandika maagizo angeweza kuipa mashine kazi mpya. Yeye mwenyewe mwaka 1980 alianzisha kampuni yake, Videosoft, iliyotengeneza gemu kwa ajili ya mashine ya Atari. Ilifungwa baada ya miaka michache.

Viwanda viliona hatari hiyo kwa biashara yao. Nintendo, ilipoingia soko la Marekani mwaka 1985, iliweka ndani ya mashine chipu ya kufuli inayokataa kaseti isiyoruhusiwa. Wengine wakafuata kwa njia zao. Ndiyo maana leo fundi analazimika kulizunguka kufuli kwanza, ama kwa kuchomelea chipu ndani ya mashine, ama kwa kupitisha programu kwenye memori kadi kama ilivyo kwa PS2. Inafanana na fundi simu anapoiflashi simu.

Sasa kuhusu uhalali. Programu uliyoandika wewe ni yako, kama wimbo uliotunga. Lakini gemu iliyotengenezwa na kampuni ikanakiliwa kwenye flashi ni mali ya watu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta. Hata vifaa vya kukwepa kufuli vinaweza kuleta kesi, kwa hiyo mwenye kibanda anayetoza fedha ni vizuri aulize Ofisi ya Hakimiliki kabla hajaulizwa yeye. Na anayefungua mashine nyumbani achomoe umeme kwanza na asubiri, kwa sababu sehemu ya umeme hubaki na chaji.

Lawson aliugua kisukari, akapoteza mguu mmoja na jicho moja kuacha kuona. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa. Machi 2011 jumuiya ya watengenezaji wa gemu ilimtambua rasmi kwa mchango wake. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 9, alifariki akiwa na miaka 70.

Vijana wengi wa mkoa wetu wamewahi kuchapwa kwa kufungua redio ya baba. Sisi pia hatupendi redio kuharibiwa, maana ndiyo tunayosikika humo. Ila kama nyumbani kuna redio mbovu au PS2 iliyokufa, mpe mtoto bisibisi aifungue, na umuulize amekuta nini ndani.